Kifundo cha mguu: kinachotuchezesha ndicho kinachotulisha

Jumamosi moja ya mwezi wa tano kulikuwa harusi hapa Bihambwe. Mvua ilinyesha asubuhi, uwanja ukabaki na matope, lakini nani ataahirisha harusi kwa sababu ya matope? Vijana wa ngoma wakaingia, njuga kwenye miguu. Aliyekuwa mbele yao ni mtoto wa yaya yangu, kijana wa miaka 23. Juma nzima anabeba mchanga mlimani, Jumamosi anaongoza ngoma. Akaruka juu, watu wakapiga vigelegele, akashuka vibaya. Mguu wa kuume ukajikunja kwa ndani. Sisi tuliokaa karibu tulisikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjika. Akainuka, akacheka, akamalizia wimbo akiegemea mguu mmoja. Watu wakampigia makofi.

Jumatatu, saa kumi na moja za alfajiri, nikamkuta njiani anapanda mlima. Bote la kuume alikuwa amelipasua kwa kisu ili mguu uingie, maana kifundo kilikuwa kimevimba kama avoka.

Nikamuuliza: "Unaenda wapi na mguu ya namna hiyo?"

Akanijibu: "Baba mdogo, nikikosa leo, kesho nafasi yangu iko na mwingine."

Sikuweza kumkaripia, kwa sababu jibu hilo nililitoa mimi mwenyewe zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Ndiyo maana ninaandika habari hii. Wandugu wachimbaji, tukikutana tunazungumza juu ya mashimo yanayobomoka, na ni haki, maana pale watu wanakufa. Lakini kuna ajali ndogo isiyoandikwa popote, isiyoua mtu, ambayo inamtoa kwenye kazi polepole, mwaka kwa mwaka. Tunaiita "mguu umeteguka". Kwenye karatasi ya muganga wanaandika "entorse". Halafu tunasahau.

Mguu wangu wa kushoto

Nilikuwa nabeba mfuko kutoka shimoni hadi pale wanapoosha mchanga. Njia ilikuwa ya mteremko, imelainishwa na maji na miguu ya watu. Nilikanyaga jiwe, mguu wa kushoto ukalala upande, mfuko ukanivuta. Mkubwa wa shimo alikuja akaangalia kwanza mfuko kama haukupasuka. Siku tatu nilikaa nyumbani, mama mzazi akinikanda na maji ya moto na majani. Siku ya nne nilirudi kazini. Mwezi ule ule mguu uliteguka tena, na ajabu ni kwamba mara hii sikukanyaga jiwe lolote. Nilikuwa natembea tu.

Tangu wakati huo umeteguka mara ngapi, sijui tena kuhesabu. Ninashuka ngazi ya kanisa, unalegea. Ninakwepa pikipiki, unalegea. Mchezo wa ngoma niliuacha nikiwa bado kijana, watu wakidhani nimekuwa na kiburi. Nilikuja kuelewa baadaye, kwa kuuliza waganga na kusoma, kwamba sikurogwa na wala mifupa yangu haikuwa dhaifu. Kifundo kilipona nusu, na mimi nikakiamini kama kimepona kabisa.

Kifundo kimejengwa namna gani

Sisi tunajua kusimamisha miti ndani ya shimo, kwa hiyo jambo hili tutalielewa haraka. Mifupa miwili inashuka kutoka gotini: mmoja mnene, ule wa muundi, na mwingine mwembamba upande wa nje. Huku chini inaishia kwa vile vifundo viwili unavyovishika kwa mkono, cha ndani na cha nje. Katikati yake umeingia mfupa mwingine wa mguu, kama kabari kati ya miti miwili. Kabari hiyo haina upana mmoja: mbele ni pana, nyuma ni nyembamba.

Ukisimama mguu umelala sawasawa chini, sehemu pana ndiyo inabanwa na ile mifupa miwili, na kifundo kinakaa imara. Lakini ukisimama kwa vidole, kisigino kikiwa juu, sehemu nyembamba ndiyo inaingia pale katikati. Nafasi inabaki, kabari inacheza. Wakati huo kinachoshikilia kifundo si mifupa tena, ni kano na misuli.

Sasa fikirini ni nani anaishi na vidole chini na kisigino juu. Wa kwanza ni mcheza ngoma: anaruka kwa vidole na anashukia kwa vidole. Wale wanawake wa Ulaya wanaocheza balé, wanaosimama juu ya ncha za vidole, wanajulikana kwa waganga kwa shida hiyo hiyo. Wa pili ni mtu anayeshuka mteremko na mzigo. Vidole vyake vinatangulia kuelekea chini, kisigino kinabaki juu, na kilo za mchanga ziko mgongoni. Mcheza ngoma anakaa hivyo kwa muda wa wimbo. Mbebaji anakaa hivyo kutwa nzima.

Upande wa nje wa kifundo kuna kano tatu. Upande wa ndani kuna moja pana na yenye nguvu kushinda zile. Ndiyo sababu mguu karibu kila mara unategukia kwa ndani, na zinazoumia ni kano za nje. Inayoanza kuumia mara nyingi ni ile ya mbele, chini kidogo ya kifundo cha nje. Weka kidole pale: kama uliwahi kuteguka, utakumbuka.

Kano ikivutwa kidogo, nyuzi chache zinaumia na mtu anachechemea siku kadhaa. Ikichanika nusu, kunavimba na ngozi inageuka rangi. Ikikatika kabisa, mguu unakosa mshikio na mtu anasikia kama unakimbia chini yake. Ule mlio wa kijiti siku ya harusi unaweza kuwa kano inayochanika. Unaweza pia kuwa mfupa. Kwa sikio peke yake huwezi kujua.

Wachimbaji waliocheza ndani ya bote

Mtu atasema: ngoma ni ngoma, mgodi ni mgodi, mbona unavichanganya? Lakini viliunganishwa zamani na wachimbaji wenyewe. Afrika Kusini, dhahabu ilianza kuchimbwa Witwatersrand, pale Johannesburg, mwaka 1886. Wanaume walikwenda huko kutoka Lesotho, Msumbiji, Malawi na vijiji vya Wazulu na Waxhosa, kila mmoja na lugha yake. Mashimo yalikuwa na maji, wakavaa bote za mpira. Ndani ya bote hizo walicheza ngoma nzima, isicathulo: wanapiga bote kwa viganja, wanakanyaga chini kwa nguvu, visigino vinagongana. Hakuna ngoma ya ngozi, mwili na bote ndiyo vyombo. Siku za Jumapili makundi ya wachimbaji yalicheza kwenye viwanja vya migodi, wageni wakija kutazama. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, hadi kwetu Kongo, alitoa kitabu kizima juu ya ngoma za migodi hiyo.

Nikisoma habari hizo najiuliza: miguu iliyofanya kazi chini ya ardhi siku sita, siku ya saba ilikuwa inapumzika lini? Mchezo uliwapa furaha na heshima ambayo kazi iliwanyima. Lakini kifundo ni kile kile kimoja. Hakijui kama ni Jumatatu au Jumapili.

Kwetu ni vile vile. Watu wa Masisi wanapenda ngoma: Wahunde na zao, wasemao Kinyarwanda na zao, na makanisani kwaya zinaruka hadi vumbi linapanda. Ngoma ya Intore, ambayo mwaka 2024 UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu kwa jina la Rwanda, watu wengi hapa wanaijua tangu utoto. Ile mirindi, kule kuruka na kukanyaga huku njuga zinalia, kunataka kifundo chenye nguvu. Mcheza hodari si yule anayeruka juu kushinda wengine, ni yule anayejua kushuka.

Siku tatu za kwanza

Mguu ukiteguka, jambo la kwanza ni kuacha. Kuacha ngoma, kuacha mfuko. Kano iliyochanika nusu inaweza kumalizika kuchanika kwa hatua chache za ushujaa.

Kaa chini, inua mguu juu ya kiti au juu ya mfuko, uwe juu kuliko moyo. Weka kitu cha baridi. Barafu hapa tutaitoa wapi? Kitambaa kilicholowa maji ya mto kinatosha kupunguza maumivu: dakika kama ishirini, unaondoa, baadaye unarudia. Funga bandi kwa mtindo wa namba 8, kupitia chini ya mguu na juu ya kifundo. Vidole vikianza kufa ganzi au kugeuka rangi, umekaza mno, fungua. Bote livuliwe mapema kabla uvimbe haujalibana.

Sasa kuna jambo ambalo mama zetu hawatalipenda. Maji ya moto, kukanda kwa nguvu na pombe ya kienyeji, vyote viache siku mbili tatu za kwanza. Joto na kukanda vinaongeza damu mahali ambapo damu tayari inavuja, na uvimbe unazidi. Wazee waungaji wa mifupa tunawaheshimu, wamesaidia watu wengi mahali pasipo na muganga. Lakini kama ndani kuna mfupa uliovunjika, kuvuta na kukanda kunaweza kuusogeza.

Basi, tutajuaje kama ni mfupa? Waganga wa mji wa Ottawa, Kanada, walitoa mwaka 1992 kanuni rahisi, ambayo leo inatumika nchi nyingi. Kwa sisi ambao kupiga picha ya radio ni kutafuta pikipiki, njia na pesa, kanuni hiyo ina faida kubwa. Inasema hivi:

Mtu ajaribu kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea. Kama hakuweza pale alipoumia, na sasa mbele ya muganga bado hawezi, apigwe picha.

Bonyeza kwa kidole mfupa wenyewe, si nyama, upande wa nyuma na kwenye ncha ya kifundo cha nje na cha ndani. Akilia pale kwenye mfupa, apigwe picha.

Bonyeza mfupa unaotokeza pembeni ya mguu, upande wa kidole kidogo, katikati ya njia kati ya kisigino na kidole. Bonyeza na mfupa wa juu ya upinde wa mguu, upande wa ndani. Maumivu kwenye mfupa hapo, apigwe picha.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, mara nyingi sana si mvunjiko. Ni kano. Na kama mguu umepinda, au umekuwa baridi, au hausikii kitu, usipime chochote. Mpeleke haraka.

Kupona kwa macho na kupona kwa kweli

Uvimbe unaisha baada ya siku kumi, au majuma mawili matatu. Hapo ndipo sisi wote tunakosea. Tunaona kifundo kimekuwa chembamba, tunasema kimepona.

Mwaka 1965 muganga Mwingereza, M. A. R. Freeman, alieleza kitu ambacho kilinifungua macho. Ndani ya kano na mfuko wa kiungo mna neva, nyaya ndogo zinazopeleka habari kwenye ubongo: sasa mguu umeinama hivi, sasa unaanguka vile. Kano ikichanika, habari nazo zinaharibika. Baadaye kano inaweza kuungana, lakini habari zinachelewa. Mguu unapoanza kulala upande, misuli ya nje ya muundi ilipaswa kuuvuta urudi mara moja, nayo inachelewa kidogo tu. Kidogo hicho kinatosha. Ndiyo maana mimi naanguka bila kukanyaga jiwe. Dawa aliyoipendekeza haikuwa sindano, ilikuwa kufundisha mguu upya kusimama. Mpaka leo wacheza ngoma na wacheza mpira duniani kote wanafanya hivyo, na mazoezi yenyewe hayaombi hata franka moja.

Maumivu yakianza kupungua, usilale tu. Anza kutembea kidogo kidogo, kadiri maumivu yanavyokuruhusu. Ukiwa umekaa, inua na shusha mguu, chora herufi hewani kwa kidole gumba. Mguu uliofungwa bila sababu majuma mengi unakauka na kulegea.

Ukiweza kukanyaga bila maumivu makali, simama kwa mguu ulioumia, karibu na ukuta, sekunde 30. Pumzika, rudia mara tatu. Fanya ukipiga mswaki, fanya ukingoja chakula. Ukizoea, funga macho: hapo utaona mguu unavyotetemeka, na kutetemeka huko ndiko kujifunza. Halafu simama juu ya mfuko uliokunjwa wenye mchanga kidogo, pale pasipo imara.

Ongeza kupanda kwa vidole: inua kisigino polepole, shusha polepole, kwanza kwa miguu miwili, baadaye kwa mmoja. Funga kamba ya mpira, kama ile ya tyubu ya pikipiki, kwenye mguu wa kitanda na kwenye mguu wako, uvute kwa upande wa nje. Hiyo ndiyo misuli inayoukamata mguu usilale.

Fanya hivyo kila siku, angalau majuma sita. Kabla ya kurudi kwenye uwanja wa ngoma au kwenye mteremko na mfuko, pima miguu yote miwili: je, ulioumia unainua kisigino mara nyingi sawa na ule mzima? Je, unaweza kuruka kwa mguu huo peke yake, mbele na pembeni, bila maumivu na bila woga? Kama jibu ni hapana, bado. Na ukirudi, rudi na mfuko nusu kwanza, au na ngoma ya taratibu kwanza. Hata aliyepona vizuri aendelee kufunga bandi kwenye kazi miezi ya mwanzo, kwa kuwa aliyeteguka mara moja yuko hatarini zaidi kuteguka tena.

Tunachoweza kudai, na tunachoweza kufanya wenyewe

Mchimbaji wa mikono hana mshahara wa mwezi. Sheria ya migodi ya nchi yetu, ya mwaka 2002 iliyorekebishwa 2018, inamtaka awe na kadi yake na awe ndani ya koperative. Lakini akikaa nyumbani majuma sita, nani analisha watoto? Hapo ndipo kijana anapasua bote kwa kisu na kupanda mlima. Kumwambia "pumzika" bila kumpa cha kula ni kumcheka.

Kwa hiyo nasema mambo manne, na nitayasema tena kwenye mkutano.

La kwanza, njia. Mteremko ambao watu wanapita na mifuko mara kumi kwa siku ukatwe ngazi, uwekewe mifuko ya udongo kwenye kingo na mfereji wa kupitisha maji pembeni. Beleshi tunazo, udongo ni wetu. Salongo ya asubuhi moja kwa juma inaweza kuokoa vifundo vingi kuliko dawa.

La pili, bote. Bote kubwa kuliko mguu ni hatari, mguu unateleza ndani yake. Tena bote la mpira halishiki kifundo, linazuia maji tu. Na anayebeba mfuko kwa kambambili, mkubwa wa shimo amrudishe.

La tatu, mzigo. Kijana anayerudi kutoka ugonjwa apewe mfuko nusu au kazi ya kuosha mchanga, na nafasi yake ilindwe. Hili halihitaji sheria mpya, linahitaji wakubwa wa mashimo kukubaliana na kuheshimu neno lao.

La nne, mfuko wa msaada, safari hii ule wa pesa. Kila kikundi kitoe kidogo kila juma, mama mmoja anayeaminiwa atunze daftari, na mgonjwa apate chakula cha nyumba yake hadi asimame. Vikundi vya mama zetu wanavifanya hivi kwa harusi na kwa matanga. Sisi wanaume wa mlimani tunashindwa na nini?

Wengine waliniuliza: "Huyu kijana aliumia kwenye ngoma, si kwenye kazi. Kwa nini tumchangie?" Niliwajibu kwamba kifundo chake kilichoka mlimani juma nzima kabla ya kuruka harusini. Na tena, tukianza kugawa miguu, huu wa kazi na huu wa furaha, kesho tutaambiwa furaha yetu haina thamani. Mtu ni mmoja.

Jumatatu ile

Sikumwacha apande. Tulikaa kwenye jiwe, nikabonyeza mifupa kama nilivyoeleza hapo juu. Alitembea hatua nne, na tano, akiuma meno. Kwenye mifupa hakulia, alilia chini ya kifundo cha nje. Nikapanda mimi kumwona mkubwa wake wa shimo. Tulibishana, sitaficha. Mwishowe akakubali: nafasi ibaki, ndugu yake mdogo aishike kwa muda. Jioni wenzake wa ngoma walileta unga na maharagwe, na kwa pesa iliyobaki kwenye zawadi za harusi wakanunua bandi.

Alisimama kwa mguu mmoja kila asubuhi mbele ya nyumba, watoto wa jirani wakimwiga na kuanguka, wote wakicheka. Juma la saba akaanza na mfuko nusu. Kwenye ngoma alirudi baadaye zaidi, na siku hiyo niliangalia miguu yake tu. Aliruka chini kidogo kuliko zamani. Alishuka vizuri.

Mimi nilimtazama nikiwa nimekaa. Mguu wangu wa kushoto haurudi tena kule ulikotoka, ingawa sasa nami nasimama juu ya mguu mmoja nikipiga mswaki, na mke wangu anasema nimekuwa kama korongo. Lakini huyu wa miaka 23 yuko na miaka mingi ya kubeba, ya kuruka na ya kulea. Wandugu, mwenye kijana nyumbani anayechechemea na kusema "haina shida", amsimamishe leo. Bonyezeni, pimeni, mpumzisheni, na mwenye kiganja cha unga apeleke kwake.